Kilomita 156 za mamdogo

Zimebaki siku tisa kabla ya safari yangu ya baiskeli. Nimeshaanza kupunguza mazoezi kwahiyo leo nina jioni nzima ya kukaa na miguu juu ya stuli, nikasema ngoja niandike haya mambo kabla hayajanitoka kichwani, mana miezi mitano iliyopita nlihangaika sana kutafuta mtu wa kuniambia naanzia wapi na sikumpata, wengi wanaoandika mambo ya baiskeli wameshasahau ilivyokuwa siku ile ya kwanza.

Mnaonifahamu mnajua figo za mamdogo wangu zilifeli. Huu ni mwaka wa tatu anasafishwa damu kwa mashine, mara tatu kwa wiki, na kila akienda anakaa kwenye kile kiti masaa manne. Siku moja nimemsindikiza, nimekaa pembeni yake sina la kufanya, nikawa napiga hesabu kichwani, mara tatu kwa wiki 52 ni mara 156 kwa mwaka. Nkakaa na hiyo namba. Haikupita wiki nikaona tangazo la safari ya hisani ya baiskeli, kilomita 160 kwa siku moja, michango yote inaenda kwa wagonjwa wa figo. Nikajiandikisha usiku uleule, alafu ndo nikaanza kutafuta baiskeli.

Nina miaka 38. Mara ya mwisho kunyonga baiskeli nlikuwa na miaka 12 na ilikuwa ya kaka yangu.

Nikanunua iliyotumika, nzima, ina gia zake zote. Wiki ya kwanza nikatoka mara tatu, kilomita 9, 11, alafu 8 kwasababu magoti yalikataa. Yani yaliuma hasa, kushuka ngazi nikawa nashika ukuta, na nikaanza kuamini kwamba labda umri umeshanipita. Nikaipeleka kwa fundi ili aangalie breki tu, akanitazama nlivyokuwa nakuja, sijashuka hata, akasema, "Dada, magoti yanakuuma kwa mbele, sio?" Nkashtuka nikamuuliza amejuaje. Akasema siti iko chini mno. Akanishikia baiskeli, akaniambia nipande, niweke kisigino juu ya pedeli, pedeli iwe chini kabisa, mguu unyooke bila nyonga kuegemea upande mmoja. Akapandisha siti mpaka ikawa hivo. Alafu akasema sasa weka ile sehemu pana ya mbele ya unyayo kama unavyonyonga kawaida, na goti likabaki limekunjika kidogo tu. Dakika tano zile ndo zimeokoa hii safari, sitanii. Akanieleza pia kwamba goti likiuma mbele mara nyingi siti iko chini, likiuma nyuma siti imezidi kwenda juu. Kwahiyo wewe unaeanza leo, kabla hujanunua chochote, kabla ya nguo kabla ya taa kabla ya hayo mambo ya kwenye simu ya kupima spidi, rekebisha siti.

Sa kosa langu kubwa la mwezi wa kwanza halikuwa siti, lilikuwa haraka. Kila nikitoka nanyonga kwa nguvu zote, nikirudi nahema jasho linanitiririka najiambia leo nimefanya kazi. Keshokutwa siwezi kuinuka. Mwezi mzima sikuvuka kilomita 25 na kila wiki nachoka kuliko iliyopita. Kwenye lile kundi nnalotoka nalo jumapili kuna mzee mmoja wote tunamwita mjomba, amenyonga miaka mingi sana, jumapili moja akanisogelea akasema mwanangu leo tunakaa nyuma mimi na wewe. Akaniambia nimsimulie kwanini nimejiandikisha. Nikaanza kusimulia habari ya mamdogo huku tunanyonga, na kila nikikata neno katikati ili nivute pumzi, mjomba anapunguza mwendo bila kusema kitu, anapunguza mpaka naweza kuendelea na story. Tulifika kwenye kipande cha mlima mrefu hivi, ule mlima ambao siku zote nlikuwa nashuka naikokota baiskeli, tukaupanda polepole kiasi kwamba mtu anaekimbia angetupita, na mi bado naongea. Nkamaliza story yote, kuanzia siku miguu yake ilipoanza kuvimba mpaka siku ya kwanza ya mashine, na nlipomaliza mjomba akaniambia angalia umetembea ngapi. Kilomita 41.

Ndo nikaelewa. Mwendo ule wa kuweza kuongea ndo mazoezi yenyewe, sio mapumziko ya mazoezi. Kwenye mwendo huo moyo unazoea kusukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo, misuli inaotesha vimishipa vidogovidogo vipya vya damu, na mwili unajifunza kuchoma mafuta badala ya kumaliza sukari yote mapema, na hayo yote yanachukua wiki na wiki, huwezi kuyalazimisha kwa kukaza meno. Kwenda kwa nguvu kuna siku yake, mi saivi naenda kwa nguvu mara moja tu kwa wiki na tena kwa muda mfupi.

Ratiba yangu ikawa rahisi sana. Siku mbili za katikati ya wiki saa moja moja, wikiendi safari moja ndefu, na ile ndefu ndo inaongezeka kidogokidogo, 41, 48, 55, alafu wiki ya nne narudi chini hata 35 ili mwili upate kujijenga, alafu naendelea kupanda. Ile wiki ya kurudi chini nlikuwa naichukia mwanzoni, naona kama napoteza muda, lakini kila ikiisha narudi barabarani mguu una nguvu mpya. Msiiruke.

Na gia. Nlikuwa napenda gia nzito kwasababu nasikia naisukuma dunia, kumbe najiumiza. Weka nyepesi, miguu izunguke haraka, mizunguko kama 80 mpaka 90 kwa dakika. Namna ya kupima ni kuhesabu goti la kulia linapanda mara ngapi kwa sekunde 15, ukipata 20 au 22 uko sawa, mi nlipopima mara ya kwanza nlipata 14. Na mlima unabadilishiwa gia kabla haujaanza, ukishakuwa katikati umekandamiza pedeli kwa nguvu zote alafu ndo ubadilishe, cheni inalia na inaweza kuchomoka kabisa.

Ntasema sasa kuhusu kula na kunywa kwasababu hapa ndo pananigusa zaidi.

Siku niliyokuwa nimepanga kilomita 75 nlitoka nimekunywa chai na mkate, chupa moja ya maji, basi. Mpaka kilomita 50 nlikuwa vizuri naimba kabisa. Kilomita ya 62 miguu ikawa kama ya mtu mwingine. Sio maumivu, hapana, ilikuwa kama mtu amezima swichi, kichwa chepesi, mikono inatetemeka kwenye usukani, nikaanza kulia na sijui nalilia nini. Nikashuka nikakaa pembeni ya barabara nimeshika tu helmeti mapajani. Mwili unaweka akiba ya sukari kwenye misuli na kwenye ini, na ukiutumikisha sana ile akiba inaweza kuisha ndani ya saa moja na nusu au mawili, mi nlikuwa nimeshaenda zaidi ya masaa matatu na sijatia kitu mdomoni. Kuna mwenzangu alinikuta akanipa ndizi mbili na kinywaji cha sukari, baada ya kama nusu saa nikaweza kunyonga kurudi nyumbani.

Tangu siku hiyo nakula kabla ya kusikia njaa. Simu inalia kila dakika 30, nakula. Kwa safari ndefu watu wanashauri gramu 30 mpaka 60 za wanga kwa kila saa, na ndizi moja ya kawaida ina kama gramu 25 hivi, kwahiyo ndizi mbili kwa saa, au mkate wenye jamu, au tende. Maji nusu lita mpaka robo tatu kwa saa kutegemea jua, na kama ni masaa mengi usinywe maji matupu tu, weka na chumvi kidogo, mana maji matupu mengi yanazimua chumvi kwenye damu na hiyo ni hatari kweli.

Sasa. Ndizi na maji. Mnajua mamdogo hatakiwi kula ndizi? Zina potasiamu nyingi, figo zake haziwezi kuitoa, na ikizidi kwenye damu inavuruga mapigo ya moyo. Na maji yake yanapimwa. Ana kikombe cha bluu, asubuhi anajaza jagi dogo mpaka kwenye mstari aliouchora mwenyewe kwa kalamu, na hayo ndo ya siku nzima, ya dawa na ya kiu na chai yote humohumo, kwasababu akinywa zaidi hayana pa kutokea, yanabaki mwilini mpaka siku ya mashine, yakizidi yanamjaa mapafuni anashindwa kupumua. Kiu ikimbana ananyonya kipande cha barafu, anakizungusha mdomoni taratibu mpaka kiishe chenyewe. Jumapili moja nimetoka mazoezini nikapita kwake, nimesimama jikoni namimina maji kooni, chupa nzima bila kupumua, nikageuka nikamkuta ananiangalia. Nikaona aibu nikaiweka chupa chini. Akasema, "Kunywa mwanangu. Kunywa na yangu."

Basi mi kila saa moja barabarani nakunywa karibu ya anayoruhusiwa yeye kutwa nzima. Nikifungua chupa nakumbuka hilo, na sijawahi tena kusahau kunywa.

Makalio sasa, mana hakuna anaesema ukweli. Kaptula yenye sponji inavaliwa bila nguo ya ndani. Bila. Mshono wa nguo ya ndani ndo unaokuchubua, mi nlichubuka mapaja nikashindwa kukaa vizuri siku nne kwasababu niliona vibaya kuuliza. Paka mafuta mazito sehemu zinazosuguana kabla ya kutoka, ukirudi vua hapohapo uoge, usikae na ile kaptula yenye jasho unachat. Na siti laini pana inayoonekana kama mto inadanganya, kwa safari fupi sawa, kwa masaa matano unazama ndani yake na inakusugua kila mahali, siti nzuri ni inayobeba ile mifupa miwili ya kukalia, na upana wa hiyo mifupa kila mtu ana wake, kwahiyo iliyonifaa mimi inaweza isikufae wewe. Nimebadilisha mara mbili. Mikono ikifa ganzi legeza viwiko na uhamishe mshiko kila mara, usiushike usukani kama unataka kuuvunja.

Pancha. Nlipata ya kwanza nikiwa peke yangu kilomita kama 30 kutoka nyumbani, jua limeshaanza kushuka. Tyubu ya akiba ninayo, pampu ninayo, nikageuza baiskeli miguu juu, nikabadilisha vizuri kabisa, nikajaza upepo, nikajisikia mtu. Sikufika kilomita mbili nyuma ikalala tena. Sina tyubu nyingine, nina viraka tu. Nikakaa chini nikaanza upya na safari hii nikapitisha ncha za vidole ndani ya tairi taratibu kuzunguka lote, na karibu mwisho wa mzunguko kikanichoma, kiwaya chembamba kama unywele, hakionekani kwa nje kabisa, kimejificha kwenye mpira kinasubiri tyubu. Nikakichomoa kwa meno. Msasa, gundi, nikaisubiri gundi ikauke mpaka ishike kwenye kidole kidogo bila kulowa, nikabandika kiraka nikakandamiza kwa dole gumba nikihesabu mpaka mia moja. Kilishika. Hicho kiraka bado kipo mpaka leo. Na ukikuta tyubu ina matundu mawili pembeni kwa pembeni kama umeng'atwa na nyoka, hapo usitafute mwiba, ni upepo ulikuwa mdogo ukaingia kwenye shimo rimu ikaibana tyubu. Angalia upepo kila unapotoka.

Kilichonishinda zaidi ya milima yote ni kuomba michango. Mi sio mtu wa kuomba. Nlituma mesiji moja ndefu kwenye magrupu yote, nimeielezea safari, nimeweka na picha, wakajibu watu wawili, wengine wakaweka vidole gumba. Nikakata tamaa wiki nzima. Alafu siku hiyo naangalia ile namba yangu 156 nikapata wazo, nikachukua daftari nikaandika mistari kuanzia 1 mpaka 156, kila mstari ni kilomita moja na kila kilomita ni siku moja ya mamdogo kwenye kile kiti, nikaanza kumwandikia mtu mmoja mmoja kwa jina lake, fulani naomba uchukue kilomita moja, chagua namba. Jamani. Watu wakachagua. Mwingine akachukua 27 kwasababu ni tarehe yake ya kuzaliwa, jirani akachukua zote za kuanzia 90 mpaka 99, mtoto wa kaka yangu ana miaka saba akavunja kibubu chake akachukua ya 7. Mpaka leo asubuhi zimebaki 11. Zile nne za mwisho za kufikia 160 nlimwambia mamdogo sijui niziweke wapi, akasema hizo ni zako, za miguu yako.

Rafiki yangu mmoja aliniuliza kwa upole tu, kwanini nisichange ile hela ya baiskeli moja kwa moja nikae nyumbani. Nimeliwaza sana hilo swali kwasababu ni la haki. Ila hela ya baiskeli ni yangu peke yangu na inaisha mara moja, wakati lile daftari limefungua mifuko 80 na kitu ambayo isingefunguka. Mwaka 1980 kule Massachusetts, Marekani, jamaa mmoja anaitwa Billy Starr ambae mama yake alikufa kwa saratani, alikusanya waendesha baiskeli 36 wakavuka jimbo wakachangisha dola 10,200 za utafiti wa saratani. Hiyo safari yao inaitwa Pan-Mass Challenge na ipo mpaka leo, saivi jumla imeshapita dola bilioni moja. Walianza watu 36. Mtu akikuona unafanya kitu kigumu kwa ajili ya mgonjwa wako, na yeye anakumbuka mgonjwa wake.

Wiki mbili zilizopita nimefanya ndefu yangu ya mwisho, kilomita 122, na mjomba. Nusu ya mwisho upepo ulikuwa wa mbele, ule upepo ambao hata kwenye mteremko unanyonga na bado hushuki, mjomba akakaa mbele yangu akaniambia nibaki nyuma ya tairi lake, sio pembeni maana matairi yakigusana wa nyuma ndo anaanguka, nyuma kabisa, na nlipokaa pale ni kama mtu amefunga dirisha. Tukapokezana, dakika tano yeye dakika mbili mimi. Nikafika nimechoka lakini nimekula kila nusu saa na kichwa changu kiko palepale, nlishuka mwenyewe nikaipandisha baiskeli ngazi mwenyewe. Watu wanauliza mbona hukufanya 160 yote kwanza, jibu ni kwamba haina haja, ukishafika robo tatu ya safari mwili una kila unachohitaji, zilizobaki zinabebwa na siku yenyewe na watu mtakaokuwa nao. Saivi kazi ni kupumzika, kutoka mara mbili tatu fupifupi miguu isisahau, kulala mapema. Hii inanipa shida kuliko nlivyodhani, nimezoea kuchoka.

Safari ni jumamosi. Siku za mamdogo ni jumanne, alhamisi na jumamosi, kwahiyo hatakuwepo kwenye mstari wa kuanzia. Nlitaka kumwomba abadilishiwe siku akakataa, akasema kiti chake ni chake. Anawekwa kwenye mashine saa 12 asubuhi na sisi tunaachiwa saa 12 asubuhi. Jana nlipoenda kumwona alinyoosha mkono nikaweka vidole pale walipomuunganisha mishipa kwa ajili ya mashine, pale ukigusa unasikia damu inavuma chini ya ngozi kama nyuki kwenye kiberiti, akaniuliza mwendo wangu ni kilomita ngapi kwa saa. Nikamwambia 20 nikijitunza. Akapiga hesabu kwa sauti, masaa manne, themanini, akasema basi nikichomolewa wewe utakuwa umefika nusu, nipigie hapo.

Kituo cha pili cha maji kiko kilomita ya 80. Nimeshaandika kwenye karatasi niliyobandika juu ya usukani.